Damu ya Mzee Siyo Nyekundu: Kupiga Picha Yenye Rangi ya Kweli Ukiwa Ringwani

Kapu la kwanza nililouza kwa picha lilirudi Ringwani kabla mwezi haujaisha. Lilikuwa la katani, nusu ya nyuzi zake nimezichovya rangi ya damu ya mzee, kazi ya siku tisa. Nililipiga picha uwanjani saa saba mchana, jua likiwa kali, kwa sababu niliamini penye mwanga mwingi ndipo picha inapotoka nzuri. Mteja wangu wa Mwanza alilipenda, akalipa. Lilipomfikia alinipigia simu, wala hakugomba. Alisema tu, "Dada, mimi niliagiza jekundu." Nikafungua picha niliyomtumia. Alikuwa sahihi. Kwenye picha lilikuwa jekundu kama nyanya.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwa kuharibu na kurudia, na haya ninayaandika kwa ajili yako unayesuka, unayefuma vitambaa vya meza, unayetunga shanga, unayepamba vibuyu au kushona ngozi huku kwetu, na kamera yako ni simu ya mkononi basi. Huhitaji kifaa cha bei kubwa. Unahitaji kuujua mwanga, kuwa na kitu kimoja cheupe cha kuaminika, na kuwa na subira ya kulinganisha picha na kitu chenyewe kabla ya kuituma.

Wapo wanaodhani hili ni suala la urembo. Sikubaliani nao. Mnunuzi wa gulioni hukichukua kitambaa, akatoka nacho nje ya kibanda, akakigeuza huku na huku mwangani, ndipo aanze kuuliza bei. Wa mtandaoni hana nafasi hiyo. Amekukabidhi macho yake. Hata sheria iko upande wake: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nasi tunaouza kwa WhatsApp na Instagram, maelezo yetu makubwa ni picha.

Kwanza elewa kinachotokea. Chukua kitambaa cheupe, kitazame nje asubuhi, kisha kitazame usiku kwa mshumaa. Utaapa kuwa ni cheupe mara zote mbili, kwa kuwa ubongo wako unakijua na unakurekebishia kimyakimya. Lakini mwanga uliokiangukia siyo mmoja. Wa mshumaa umeelemea kwenye manjano na wekundu. Wa kivulini siku ya anga safi umejaa buluu ya mbingu. Mafundi wa picha hupima tofauti hiyo kwa Kelvini: mshumaa uko karibu na 1900, balbu ya zamani ya waya karibu na 2700, jua la mchana karibu na 5500, siku ya mawingu karibu na 6500, na kivuli chini ya anga la buluu hufika 7000 na kupita. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyoelekea kwenye buluu.

Simu inayaona hayo yote, ila haijui kitu chako kina rangi gani, kwa hiyo inakisia. Ikikuta wekundu umejaa kila mahali, yaweza kudhani kwamba mwanga ndio mwekundu, ikaupunguza. Ndiyo maana kapu moja, siku moja, likijaza kioo chote linapauka, na likiwekwa mbele ya ukuta mweupe linatoka na rangi nyingine. Kila nitakachokuambia hapa chini kina lengo moja, kuipunguzia simu kukisia.

Anza na saa. Ringwani iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu linapanda wima na upesi. Tena saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, ambayo iko mbali upande wa mashariki wetu. Kwa sababu hiyo jua halitufikii utosini saa sita kamili bali kati ya saa sita na nusu na saa saba kasoro dakika chache. Huo ndio muda mbaya kuliko yote. Sehemu za juu za kitu zinaungua kwa mwanga, za chini zinazama kwenye giza, na rangi ya kweli haionekani popote. Piga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, au kati ya saa tisa na saa kumi na nusu alasiri. Jua linapochomoza na linapozama hutoa mwanga wa dhahabu unaopendeza sana usoni mwa bibi harusi, lakini kwa kazi zetu mwanga huo unadanganya: rangi ya maziwa inakuwa manjano, na kijivu kinakuwa kahawia.

Hata saa hizo nzuri, usikiweke kitu juani. Kiweke kivulini, na kivuli chenyewe kiwe kinatazama anga wazi. Baraza ndiyo studio yako. Hapa tuna bahati ambayo watu wa nchi za mbali na ikweta hawana. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo baraza inayotazama kusini inakaa kivulini siku nzima. Miezi inayobaki jua linapita kusini, na baraza inayotazama kaskazini ndiyo inayofaa. Kama nyumba yako ina baraza upande mmoja tu, utajua ni nusu gani ya mwaka uitegemee na ni nusu gani uombe baraza ya jirani.

Chini ya mwembe usipige. Najua ndipo tunapokaa kusuka, pana ubaridi na pana mazungumzo, lakini mwanga unaopenya majani unashuka ukiwa na ukijani, na shanga nyeupe ndizo zinazoonyesha kosa hilo kwanza. Turubai la buluu ni baya zaidi, maana linapaka rangi yake kila kilicho chini yake. Siku ya mawingu mepesi itumie vizuri: anga lote linakuwa taa moja kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe, vivuli vinalainika, na unaweza kupiga picha hata za wiki nzima. Mimi nikiona asubuhi ya namna hiyo naacha kusuka, natoa kila kilichokamilika.

Baada ya mwanga unaotoka juu, angalia unaodunda kutoka chini na pembeni. Kama uwanja wako ni wa udongo mwekundu, wekundu huo unapanda na kuingia chini ya kapu, ukutani mwa chungu, kwenye ukingo wa kitambaa. Tandika mbele ya kitu manila nyeupe, ile ya dukani wanayonunua wanafunzi, au kiroba cheupe kilichogeuzwa ndani nje. Ukuta uliopakwa kijani au waridi nao unagawa rangi yake, na nguo uliyovaa vilevile. Niliwahi kupiga vitambaa kumi vya kufuma, vyote vyeupe, nikiwa nimevaa gauni la rangi ya chungwa, na vyote vikatoka kama vimelowekwa kwenye chai. Siku ya kupiga picha vaa nyeusi, nyeupe au kijivu.

Ukilazimika kupiga ndani, weka meza karibu na dirisha kubwa na uzime taa. Zima zote. Mwanga wa dirisha na wa balbu vikichanganyika, upande mmoja wa kitu unakuwa wa buluu na wa pili wa manjano, na hakuna programu itakayousawazisha mmoja bila kuuharibu mwingine. Picha za usiku kwa taa pekee ziache. Balbu nyingi za bei nafuu hazitoi rangi zote kwa usawa. Zinaruka baadhi, hasa wekundu uliokolea, na kile ambacho mwanga haukukileta kamera haiwezi kukipiga. Kama huna njia nyingine, soma boksi la balbu utafute alama ya CRI au Ra: 90 au zaidi inafaa kwa kazi hii, 80 inatosha kwa kula chakula na kusoma daftari.

Sasa kile kitu cheupe. Watu wengi hutumia karatasi ya kawaida ya A4, na ni bora kuliko kukosa kabisa. Kasoro yake ni kwamba karatasi hiyo hutiwa kemikali za kuing'arisha, ambazo hunyonya mionzi ya urujuanimno tusiyoiona na kuitoa tena ikiwa mwanga wa buluu. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za namna hiyo, kwa hiyo shuka iliyofuliwa nayo pia siyo shahidi mzuri. Ninachokitumia mimi nilikipata kwa mafundi bomba: ile tepu nyeupe nyembamba wanayoizungushia kwenye nyuzi za bomba ili maji yasivuje. Imetengenezwa kwa plastiki iitwayo PTFE, na plastiki hiyo hurudisha rangi zote za mwanga karibu kwa kiwango kimoja. Hata vibao vya kupimia weupe vinavyotumika maabara hutengenezwa kwa PTFE. Izungushe kwenye kipande cha mbao mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, hadi mbao isionekane kabisa. Ihifadhi ndani ya mfuko safi, usiishike kwa vidole vyenye mafuta, na ikichafuka vua tabaka la juu.

Matumizi yake ni mepesi. Weka kibao hicho kando ya bidhaa, kwenye mwanga uleule, kikitazama upande uleule. Piga picha ya kwanza kikiwemo, kisha kiondoe upige ya pili bila kusogeza chochote. Ya kwanza ni ya kurekebishia, ya pili ni ya kuuzia.

Kwenye simu yenyewe yapo machache ya kushughulikia. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya mkono yanatandaza ukungu unaopausha kila rangi. Zima flashi. Zima vichujio, urembo wa uso, na ile akili ya simu inayotambua "chakula" au "majani" kisha ikazidisha rangi bila kukuuliza. Kama kamera yako ina sehemu iliyoandikwa Pro, ingia humo, tafuta herufi WB, na uchague alama ya kivuli ukiwa barazani au ya wingu siku ya mawingu, badala ya kuiacha kwenye Auto. Faida ya kuifunga hivyo ni kwamba hata ikikosea, inakosea sawasawa kwenye picha zote, na kosa la aina moja linarekebishika kwa mkupuo mmoja.

Halafu kipimo cha mwanga, na hapa ndipo kapu langu lilipopotelea. Kila nukta ya picha ya kawaida inaandikwa kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kitu chekundu kikimulikwa kupita kiasi, namba ya nyekundu inagonga 255 na kukwama, huku zile mbili zikiendelea kupanda. Damu ya mzee inaanza kuwa nyekundu, nyekundu inaelekea kwenye chungwa, na mistari ya msuko inapotea kwenye bapa moja la rangi. Hilo halirekebishiki baadaye, kwa sababu kilichozidi 255 hakikuandikwa popote. Kwa hiyo gusa kioo palipo na bidhaa, kisha telezesha kidole kushusha mwanga hadi uone tena uzi mmoja mmoja. Picha yenye giza kidogo inaokoleka. Iliyoungua, ipige upya.

Unapokiweka kitu pia panaathiri. Ukikiweka juu ya kitambaa cheusi, simu inaona giza, inaongeza mwanga, na kitu kinapauka. Juu ya shuka nyeupe inafanya kinyume chake, na kitu kinakuwa kizito kuliko kilivyo. Sakafu ya saruji isiyopakwa rangi, iliyofagiwa vizuri, ni kijivu kinachotulia katikati, nami sijaona mandhari bora zaidi kwa makapu na vibuyu. Vitenge tuviache tuvae wenyewe. Ni vizuri, lakini vikitandikwa chini ya bidhaa vinaipokonya macho.

Zipo rangi na vitu vitakavyokusumbua hata ukifanya yote haya. Zambarau ni ya kwanza. Simu nyingi huivuta kwenye buluu. Nyuzi nyeusi za viwandani nazo zinaweza kutoka na uwekundu au uzambarau, kwa sababu baadhi ya rangi nyeusi hurudisha miali ya infraredi ambayo jicho halioni ila kamera huiona. Usidhani ni unyonge wa simu yako. Mwaka 2006 kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera ya M8, ya bei kubwa mno, na vitambaa vyeusi vya sintetiki vikatoka vya zambarau, hadi kampuni ikalazimika kuwapa wateja vichujio vya kuweka mbele ya lenzi. Shanga za kioo na vibuyu vilivyopakwa mafuta vina tatizo lao: kila ushanga unabeba doa jeupe la anga, na doa hilo linafunika rangi. Usiongeze wala kupunguza mwanga. Zungusha bidhaa taratibu, au sogea wewe, hadi mng'ao uhamie pembeni. Nyuzi nyembamba nyekundu juu ya nyeusi zipigie karibu, kwa sababu picha za JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa uchache kuliko zinavyohifadhi mwanga na giza, na picha ikibanwa tena na WhatsApp, wekundu unatambaa hadi kwenye weusi. Ukituma kama faili badala ya picha, inafika kama ilivyotoka kwako.

Kurekebisha kusichukue muda wako. Snapseed ni programu ya bure, na ina kifaa cha weupe chenye alama ya kidonyozi. Fungua picha yenye kibao cha tepu, gusa kidonyozi, kipeleke juu ya tepu. Picha nzima itageuka mara moja, manjano au buluu ya ziada ikiondoka. Tepu isiwe imeungua kwa mwanga. Ikiwa nyeupe tupu isiyo na kivuli chochote, haina habari ya kukipa kidonyozi. Nenda kwenye picha ya pili, tumia mabadiliko yaleyale, hifadhi. Usiguse kile kifaa cha kukoleza rangi. Najua kinavutia. Rangi iliyokolezwa inauza mara moja, na mara ya pili hakuna.

Kisha kaa barazani na simu mkono mmoja, bidhaa mkono wa pili. Kabla ya kulinganisha, zima kinga ya macho inayofanya kioo kiwe cha manjano usiku, na kwenye mipangilio ya kioo chagua rangi asilia badala ya zile zilizokolezwa. Mtumie jirani yako, umtazame akifungua kwenye simu yake, kisha mwulize hiki unachokishika kinafanana na kile anachokiona? Ukipata simu tatu za aina tofauti na zote ziko karibu na kitu chenyewe, tuma. Hazitafanana kabisa, na simu ya mteja huwezi kuiongoza.

Ndiyo maana maneno yanabaki na kazi, na hapa Kiswahili kinatufaa sana. Rangi zetu nyingi zimeitwa kwa vitu: kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, kijivu kwa jivu, manjano kwa bizari. Ukiandika "nyekundu iliyokolea", mteja wa Dar es Salaam atafikiria yake na wewe yako. Ukiandika "damu ya mzee, inaelekea kwenye kahawia ukiwa kivulini", amekuelewa. Andika pia kwamba umechovya kwa mkono na kila chungu cha rangi hutoka tofauti kidogo, kisha mwonyeshe picha ya kapu lilelile atakalopokea, siyo la mwezi uliopita. Mimi nina daftari ambalo kila nikichovya nabandika uzi mmoja na tarehe. Mteja anayeagiza mara ya pili namtumia picha ya uzi wake wa zamani kando ya mpya, kibao cha tepu kikiwa katikati, achague mwenyewe.

Yule wa Mwanza alirudi baada ya miezi kadhaa. Ilikuwa saa tatu usiku, akaandika kwamba anataka jingine na angependa kuona picha sasa hivi. Kapu lilikuwa pale mezani, taa inawaka, na simu ilikuwa mkononi. Nikamwandikia: "Dada yangu, nivumilie hadi kesho saa tatu asubuhi, nitakupigia picha barazani."